Gari la Mkubwa Halizimwi

Watu wa Katwe wana ulimi. Ukifungua kibanda cha kuchomelea mageti, watakuuliza bei ya geti. Ukifungua gereji ya kutengeneza magari kwa kompyuta, na wewe ni mwanamke wa hijabu, hawatakuuliza kitu. Watasimama mlangoni wakutazame tu, kama watu wanaongoja sinema ianze. Rukiah alikuwa ametazamwa hivyo kwa miaka sita na hakuwakataza, maana macho hayana pazia. Juu ya mlango alikuwa ametundika bango la bati alilochorewa kwa rangi nyekundu: NGUVU ZAIDI, MAFUTA KIDOGO. Jirani yake Dawudi, fundi wa kuchomelea, Mnubi mwenzake na mtu wa mdomo mrefu, alilisoma bango lile siku ya kwanza akasema, "Dada Rukiah, hapo ongeza na kuingia peponi, upate wateja zaidi."

Kazi yake ilikuwa magari ya turbo. Kampala imejaa magari hayo yaliyotumika Japani, na wenyewe wanayapenda kwa ule mluzi yanaoutoa yakikanyagwa. Turbo yenyewe ni feni tu: moshi wa injini unaizungusha, nayo inasukuma hewa nyingi ndani, na hewa ikiongezeka petroli nayo huongezeka na nguvu hupatikana. Shida ni kwamba kompyuta ya gari ilipangwa kwa petroli ya huko lilikotoka. Likipewa ya kwetu, injini huanza kugonga ndani kwa ndani, kompyuta ikashtuka na kuchelewesha cheche, gari likakosa nguvu na bado likanywa kama ng'ombe wa kiangazi. Rukiah alikuwa na kompyuta yake ndogo ya mkononi, waya mrefu, na subira. Alikuwa akizungumza na magari hayo mpaka yanaelewana na petroli ya Kampala.

Afande Okwera alikuja Jumatatu moja asubuhi na Subaru nyeusi iliyong'aa kuliko viatu vya bwana harusi. Alikuwa amestaafu polisi, lakini polisi ilikuwa haijamstaafu: shati lilipigwa pasi likasimama kama kadibodi, na alishuka kwenye gari akiangalia kushoto na kulia kabla mguu haujagusa ardhi.

"Fundi ni nani hapa?"

"Ni mimi, Afande."

Alimtazama mara moja tu, akakubali. Hilo peke yake lilimfanya Rukiah ampende.

"Nataka vitu viwili," alisema. "Nataka gari iwe na nguvu. Na nataka ipunguze kunywa."

"Afande, mshika mbili moja humponyoka."

"Mimi hapana shika mbili, mwanangu. Nashika moja, gari hii hapa."

Dawudi alicheka mpaka akavua miwani yake ya kuchomelea. Afande hakucheka. Alikaa kwenye benchi, akaeleza shida yake kwa mpangilio, kama mtu anayetoa maelezo kituoni. Mkewe, Atoo, yuko Gulu mwezi wa nane sasa. Mama yake alipigwa na kiharusi, naye akaenda kumuuguza. Mwanzoni ilikuwa wiki mbili. Zikawa mwezi. Sasa hasemi tena atarudi lini. Yeye Okwera huenda kumwona mara moja kwa mwezi, na kwenda na kurudi gari linamaliza lita mia na kumi.

"Nataka kwenda kila wiki mbili," alisema. "Lita sabini naweza. Mia na kumi, siwezi. Na nguvu nataka kwa sababu barabara ya Gulu iko na trela mingi. Ukipita trela na gari haina nguvu, unapita na roho yako mkononi."

"Kwa nini hupandi basi, Afande?" aliuliza Dawudi.

"Mtu hapana shuka kwa basi nyumbani kwa mama mkwe." Jibu hilo aliona linatosha. Kisha akamgeukia Rukiah, na sauti yake ikashuka. "Nikienda mara moja kwa mwezi, mimi ni mgeni. Mwanamke hapana rudi nyumbani na mgeni. Nisaidie."

Rukiah alizaliwa kambini, baba yake mwanajeshi, na alijua kwamba wazee wa namna hii neno "nisaidie" hulitoa kwa shida kama jino. Akachukua daftari. Akamuuliza anapita njia gani, anabeba mzigo kiasi gani, anakwenda mwendo gani, anawasha kiyoyozi ama anafungua madirisha. Afande alijibu yote bila kusita. Rukiah akaandika yote, na alipofunga daftari aliamini kwamba ameuliza kila kitu.

Alifanya kazi siku mbili. Mpira mkubwa wa hewa ulikuwa na ufa kwa chini; hewa iliyosukumwa na turbo ilikuwa inatoroka njiani kama mwanafunzi wa bweni. Plagi zilikuwa zimechoka. Kile kifaa kinachonusa moshi na kuiambia kompyuta kama petroli imezidi au imepungua kilikuwa kimezeeka, kinanusa uongo. Alibadilisha vyote hivyo kwanza, maana kompyuta si dawa ya mpira uliopasuka, ingawa wako mafundi mjini wanaouza imani hiyo.

Kisha akafungua kompyuta yake, akaingia kwenye ile ramani ya injini, jedwali la namba mistari kwa mistari. Wengi hudhani nguvu na ubahili ni wake wenza, kwamba ukimpa mmoja unamnyima mwenzake. Rukiah hakuona hivyo. Gari linapotembea taratibu kwenye tambarare halihitaji petroli nyingi. Linahitaji cheche ije mapema kidogo, kwa wakati wake. Linapopanda kilima na dereva amekanyaga, hapo ndipo usilibanie, kwa sababu petroli hiyo ndiyo inayoipoza injini isiyeyuke. Kila mahali pape haki yake. Alirekebisha namba, akaenda kulijaribu barabara ya Bombo hadi Wobulenzi, akarudi, akarekebisha tena. Safari ya mwisho alijaza tangi hadi shingoni, akaendesha kwa mwendo ule ule aliotajiwa na Afande, akajaza tena hadi shingoni. Kilomita kumi kwa lita moja, na nguvu zimeongezeka mpaka gari linacheka kilimani.

"Lita sitini na saba," alimwambia Afande, mbele ya Dawudi na mbele ya wale watazamaji wa kila siku. "Ikizidi sana, sabini."

Afande Okwera alimpigia saluti. Rukiah aliingia ndani haraka, asionekane anavyotabasamu.

Baada ya wiki mbili gari lilirudi. Afande hakukaa.

"Lita tisini," alisema.

"Haiwezekani, Afande."

"Nimejaza mwenyewe, pampu ileile. Tisini." Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Nguvu umenipa, kweli. Lakini mafuta umenidanganya."

Watazamaji walisogea. Dawudi, kwa kumtetea jirani, akadakia: "Banange, jamani Afande, hiyo ni petroli! Siku hizi wanachanganya. Fundi hana kosa." Huko gereji, petroli ni mshtakiwa mzuri kwa sababu haina mdomo. Gari likizima ni petroli, likitoa moshi ni petroli, mke akinuna pia wako watakaosema ni petroli. Rukiah alipewa mlango wa kutokea, uko wazi kabisa, na kwa kitambo kidogo alitamani kuupita.

"Si petroli," alisema. "Mimi sijui ni nini, lakini si petroli. Afande, nipe safari moja tena. Nitaweka kidude hiki chini ya usukani, kinaandika kila kitu injini inafanya. Kikionyesha kosa ni langu, nashusha bango langu mchana, watu wote wakiangalia."

"Kale, sawa," alisema Afande. Akaenda zake.

Zile wiki mbili Rukiah hakulala vizuri. Alizipitia namba zake upya, mstari baada ya mstari, akitafuta mahali alipokosea. Lita ishirini na tatu si tone. Zilikuwa zinakwenda wapi? Alianza kujishuku, na fundi akianza kujishuku hata boliti aliyoikaza mwenyewe huirudia mara tatu.

Afande aliporudi, Rukiah alimpa chai, akachomoa kidude, akaunganisha waya. Mistari ikajipanga kwenye kioo: mmoja wa mwendo, mmoja wa mzunguko wa injini, mmoja wa petroli. Aliisoma tangu lango la Afande pale Ntinda. Luwero, safi. Karuma, safi. Mguu wa Afande ulikuwa mwepesi kama wa mtu anayekanyaga mayai; alikanyaga kwa nguvu mara tisa tu, na kila mara ni sekunde chache, bila shaka anapita trela. Kurudi ilikuwa vivyo hivyo. Akajumlisha petroli ya barabarani. Lita sitini na saba.

Moyo ulimruka. Alitaka kumwita Dawudi, awaite na wale watazamaji, aseme njooni muone! Lakini petroli ilikuwa bado inaendelea kuandikwa mahali ambapo mwendo ulikuwa sifuri. Jumamosi kuanzia saa sita mchana: gari limesimama, injini inawaka, kiyoyozi kinafanya kazi. Muda wa saa moja. Saa mbili. Saa saba mfululizo. Giza likaingia, ikanguruma usiku kucha. Jumapili vilevile, hadi saa moja asubuhi, saa ya kuondoka. Gari lilikuwa limekaa mahali pamoja muda wa saa kumi na tisa, likinguruma. Rukiah hakumwita mtu.

"Afande," alisema polepole, "Jumamosi saa sita ulikuwa wapi?"

"Kwa mama mkwe. Nimefika."

"Gari ilisimama?"

"Ilisimama. Iko nje, mbele ya nyumba."

"Ulizima injini?"

Afande aliweka kikombe chini. Alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Nizime kwa nini? Mimi nimeendesha gari ya mbele kwa msafara ya wakubwa miaka ishirini na mbili, mwanangu. Gari ya mkubwa hapana zimwa. Yeye iko ndani kwa mkutano saa nne, saa tano, wewe uko nje, injini inawaka. Akitoka mlangoni, mguu wako tayari. Ukizima, siku hiyo injini ikakataa, kesho wewe uko mbali huko, unalinda daraja."

"Na mafuta?"

"Mafuta ilikuwa ya serikali. Nani anahesabu?" Kisha akasikia alichokisema mwenyewe. Akatazama kioo cha kompyuta, ule mstari mrefu usiokwenda popote. "Ile ndiyo lita zangu?"

"Ndiyo, Afande. Ishirini na tatu."

Nje Dawudi alikuwa anasaga chuma. Walingoja amalize. Rukiah angeweza kuishia hapo. Jina lake lilikuwa limesafika. Lakini lipo swali ambalo hakuliandika kwenye daftari lake, na sasa lilikuwa limekaa kati yao.

"Sasa mkubwa ni nani, Afande? Huko Gulu unamsubiri nani?"

"Atoo," alisema. "Akitoka na mfuko wake, akasema twende, nataka gari iko tayari."

"Hutoka?"

"Analeta chakula. Ananipa kwa dirisha, anasimama kidogo, anarudi ndani."

"Na wewe huingii?"

"Wewe mtoto wa Nubi, hujui yetu sisi Waacholi. Mama mkwe ni heshima. Nasalimia kutoka mbali. Kulala chini ya bati lake, hapana, ni aibu. Mimi nalala ndani ya gari." Akapangusa goti ambalo halikuwa na vumbi. "Nadhani amenikasirikia. Nilipokuwa kazini sikuwa mtu wa nyumbani. Sasa nina nafasi, yeye hana."

Rukiah alimhurumia, na aliona vibaya kumhurumia mtu mzima kiasi hicho mbele ya macho yake. Akageukia kompyuta. Ilikuwa rahisi: angeandika amri ndogo tu, gari likisimama dakika kumi injini ijizime yenyewe. Afande asingejua. Lita zingeshuka, bango lingebaki juu, na kila mtu angekuwa salama. Vidole vyake vilikuwa tayari vimefika kwenye vitufe. Lakini aliona itakuwa kama kumfunga mtu mikono akiwa amelala. Akafunga kompyuta.

"Afande, injini nimemaliza. Hii iliyobaki ni yako. Ukifika, zima."

"Na akitoka?"

"Nimeitengeneza mimi. Hata ikiwa baridi, ukigusa inawaka."

"Na kama hapana toka?"

Swali hilo halikuwa la gereji, na hakuna waya wa kulipima. Rukiah alijibu kwa kile alichokuwa nacho. "Basi utakuwa na mafuta ya kurudi wiki mbili zijazo, kumsubiri tena."

Afande alipoondoka, Dawudi alichungulia. "Enhe! Kidude kimesema nini? Nani mwongo?"

Rukiah alifikiria saa kumi na tisa za mtu mzima aliyekaa peke yake ndani ya gari, mbele ya nyumba asiyoweza kuingia. Watazamaji walikuwa pale pale mlangoni, na Katwe siri haikai hata nusu saa. "Bado tunaangalia," alisema.

"Bado! Basi shusha bango, dada, ahadi ni deni." Walicheka. Rukiah akapanda ngazi, akalishusha kweli, akaliegemeza ukutani. Iliuma. Wateja wawili waliokuwa wamemwahidi kuja wiki ile hawakuja, naye hakumweleza mtu yeyote sababu.

Afande Okwera alirudi Jumatatu, wiki mbili zikiwa zimetimia. Alisimamisha gari mbele ya gereji na, kabla ya kufungua mlango, akazima injini. Aliliona bango lililoegemezwa ukutani. Uso ukambadilika.

"Nani ameshusha hii?"

"Mwenyewe," alisema Dawudi. "Mahesabu yalimshinda."

"Yalimshinda?" Afande alisimama wima, mikono ubavuni, kama yuko paredi, akawageukia wote. "Sikieni. Huyu fundi hapana kosea. Gari yangu imetumia lita sitini na sita. Kosa ilikuwa yangu: nilikuwa nawasha injini mchana na usiku, mbele ya nyumba ya mama mkwe, kama dereva anasubiri waziri. Yeye alijua. Amenifichia aibu yangu, nyinyi mkamcheka."

Hakuna aliyecheka tena. Dawudi alijikuna shingo, akalichukua bango, akapanda nalo ngazi bila kuambiwa.

"Na Atoo?" Rukiah aliuliza, kwa sauti ya chini.

Afande alikaa kwenye benchi. Sasa hakuwa tena kwenye paredi.

"Nilizima saa sita kasoro. Mwanangu, kile kimya! Nilisikia kuku. Nilisikia mama mkwe anakohoa ndani. Nikasema, bure, nitawasha. Kabla sijagusa ufunguo, Atoo ametoka mbio, hapana viatu, anagonga kioo kwa mikono miwili. 'Okwera, uko mzima?' Nikasema niko mzima. 'Mbona imenyamaza?' Alidhani nimekufa, mwanangu."

Alivua kofia, akaishika mapajani.

"Nikamwambia nimezima tu. Akanitazama. Akasema: miaka yote hii nasikia injini yako inawaka nje. Unakuja kula, inawaka nje. Mtoto anaumwa, unakuja kumwangalia, inawaka nje. Mtu ambaye injini yake inawaka ni mtu anayeondoka. Nitoke nikae na mtu anayeondoka, nikae kwa nini?"

Mashine za Katwe ziliendelea na kelele zake barabara nzima, lakini pale kwenye benchi hakuna aliyezisikia.

"Halafu akafungua mlango wa upande wa pili," alisema Afande, "akakaa. Akaniuliza naondoka saa ngapi. Mimi ni polisi, siku zote naijua saa yangu. Siku hiyo nikasema, sijui. Halafu akaanza kunieleza: habari ya mama yake, habari ya dawa, habari ya watoto wakiwa wadogo, vitu ya zamani sana ambavyo mimi sikuwepo. Mpaka jua likazama alikuwa bado anaongea. Na mimi, miaka thelathini na moja ya ndoa, nilikuwa sijui kwamba ana maneno mengi hivyo."